Asparajinesi kutoka tope la mikoko: tukisema tumeongeza mavuno, tunapima nini?

Mwanzilishi wa uzi, Langoni, Lamu

Asalamu aleikum wanajukwaa. Nimefungua uzi huu kwa sababu vijana wa pwani wanaosomea biokemia na mikrobiolojia wamekuwa wakiniletea swali moja kwa sura nyingi: mtu amechota tope chini ya mikoko, amepata bakteria anayetoa kimeng'enya cha asparajinesi, na sasa anataka kujua afanye nini ili bakteria huyo atoe zaidi. Swali ni zuri. Hata hivyo, kabla ya kulijibu napenda tukubaliane hiyo "zaidi" ni zaidi ya nini, kwa kuwa kazi nyingi za aina hii huharibikia hapo.

Kwa wasiokifahamu, kimeng'enya hiki huivunja asidi amino iitwayo asparajini na kuacha asidi aspatiki na amonia. Seli nyingi za mwili hujitengenezea asparajini zenyewe, lakini seli za lukemia kali ya limfoblasti, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani, zina uwezo mdogo sana wa kuitengeneza na huishi kwa ile zinayoikuta katika damu. Kimeng'enya kikiimaliza asparajini ya kwenye damu, seli hizo hushindwa kujenga protini na kufa. Mwaka 1953 John Kidd, akiwa New York, aliona kuwa seramu ya simbilisi inazuia uvimbe wa limfoma kwa panya. Mwaka 1961 John Broome alionyesha kuwa asparajinesi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya seramu ile. Na mwaka 1964 Mashburn na Wriston wakaonyesha kuwa asparajinesi ya bakteria E. coli nayo inaweza kazi hiyo. Bila hatua ya mwaka 1964 tungekuwa bado tunahesabu simbilisi, na hakuna idadi yao ambayo ingetosha kumtibu mtoto mmoja mpaka apone. Leo asparajinesi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tope lake lina chumvi, lina oksijeni kidogo, na limejaa majani yanayooza. Katika matope ya namna hiyo, nchi mbalimbali, watafiti wamepata bakteria wa jamii ya Streptomyces wanaotoa asparajinesi, kwa hiyo matumaini ya vijana wetu yana msingi. Msimamo wangu ni kwamba anayeongeza yuniti (kipimo cha nguvu ya kimeng'enya) kwa kila lita bila kujua kimeng'enya kiko wapi katika seli, kinaandamana na kitu gani, na kitatolewaje kikiwa safi, anaongeza mchuzi tu, yaani maji ya lishe yaliyokuziwa bakteria; dawa bado hajaigusa. Karibuni tulijadili.

Mwanafunzi wa biokemia, Malindi

Shikamoo mwalimu. Nina swali la moja kwa moja. Nimepanda sampuli za tope kutoka mlango wa Mto Sabaki kwenye sahani zenye asparajini kama chanzo pekee cha nitrojeni, pamoja na rangi ya fenoli nyekundu. Koloni moja imezungukwa na duara pana la waridi kuliko zote. Nimepanga kubadilisha kitu kimoja kimoja, nikianza na sukari, kisha chanzo cha nitrojeni, kisha pH (kiwango cha asidi), kisha joto, nikishika kila mara kiwango kilichotoa matokeo bora. Je, njia hii inafaa?

Mwanzilishi wa uzi

Marahaba mwanangu. Nitaanza na hilo duara, maana ndilo mlango wa kila kitu kinachofuata.

Fenoli nyekundu huwa ya manjano penye asidi na huelekea waridi pH inapopanda. Inapopanda tunadhani ni amonia iliyotoka kwenye asparajini, ilhali bakteria anaweza kuipandisha kwa njia nyingine, na duara pana linaweza kumaanisha tu kwamba koloni imekua haraka au kimeng'enya kimesambaa kwa urahisi katika agari, ile jeli ya kukuzia. Kwa sababu hiyo, kila koloni ipandwe pia katika sahani mbili za kulinganishia: moja ambayo asparajini imeondolewa na kuwekwa nitrati ya sodiamu, na nyingine yenye glutamini, asidi amino inayofanana na asparajini, mahali pa asparajini. Ya kwanza itakuonyesha kama waridi unaouona unatokana na asparajini kweli. Ya pili ni muhimu zaidi kwa mgonjwa, kwa kuwa asparajinesi nyingi huivunja glutamini pia, na madhara kadhaa ya dawa hii yanahusishwa na tabia hiyo. Koloni yenye duara la wastani kwenye asparajini na isiyobadilisha chochote kwenye glutamini ningeipenda kuliko hiyo ya duara pana.

Baada ya sahani, pima kwa namba. Yuniti moja ya kimataifa ni kiasi cha kimeng'enya kinachoachilia maikromoli moja ya amonia kwa dakika moja katika nyuzi 37 za Selsiasi. Wengi hupima amonia hiyo kwa kitendanishi cha Nessler, na ninaomba sana watu wakumbuke kuwa kitendanishi hicho kina zebaki. Mabaki yake yakusanywe katika chupa maalumu na yasimwagwe kwenye sinki, hasa katika miji yetu hii ambayo maji machafu hayana safari ndefu kufika baharini. Pamoja na yuniti, pima protini yote iliyomo, ili upate yuniti kwa kila miligramu ya protini. Namba ya yuniti kwa lita ikisimama peke yake huficha mengi.

Nije kwenye mpango wako wa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Mpango huo una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hauoni jinsi vitu vinavyotegemeana. Chukua E. coli kama mfano, kwa kuwa ndiye anayefahamika zaidi. Ana asparajinesi mbili: moja hukaa ndani kabisa ya seli na haishiki asparajini kwa nguvu, nyingine hukaa katika nafasi iliyo kati ya utando wa ndani na utando wa nje na huishika asparajini hata ikiwa kidogo sana. Hii ya pili ndiyo dawa. Jeni yake huamka oksijeni inapopungua na hulala glukosi inapokuwa nyingi. Sasa mtafiti akipima kiwango cha sukari huku chupa zake zinatikiswa kwa kasi, atapata jibu moja. Akipima sukari zile zile huku chupa zimetulia, atapata jibu jingine, na yote mawili yatakuwa ya kweli. Kama alishika sukari ya jibu la kwanza kabla ya kugusa hewa, amejifungia nje ya mahali penye mavuno bora na hatajua kuwa pako.

Kuna njia zilizokwisha kupimwa na muda. Tuseme una vitu saba vya kuchunguza, kila kimoja kwa kiwango cha juu na cha chini. Ukijaribu michanganyiko yote utahitaji majaribio 128. Mpango uliochapishwa na Plackett na Burman mwaka 1946 unakuwezesha kuchuja hadi vitu 11 kwa majaribio 12 tu. Utumie kuchuja peke yake, kwa sababu katika mpango huo athari ya kitu kimoja huchanganyika na athari za vitu viwili vinavyoshirikiana. Ukishabakiwa na vitu vitatu vyenye uzito, hamia kwenye mpango wa Box na Behnken wa mwaka 1960, ambao kwa vitu vitatu huhitaji majaribio 15 ukihesabu matatu ya katikati, na utakuchorea uso wa matokeo wenye vilima na mabonde yake. Kisha rudia jaribio pale hesabu inaposema mavuno ni ya juu kabisa, uone kama bakteria naye anakubaliana na hesabu. Hatua hii ya mwisho huachwa mara nyingi, na kwangu mimi kazi isiyo nayo haijakamilika.

Mfamasia, Malindi

Naomba niingie kutoka upande wa mgonjwa, kwa sababu hoja ya mwalimu kuhusu yuniti ina uthibitisho katika vipimo vya dawa yenyewe.

Asparajinesi ya kawaida ya E. coli ina nusu-uhai, yaani muda wa kiasi chake kupungua kwa nusu, wa takriban siku moja na robo katika mwili. Ile iliyofungwa na minyororo ya polyethylene glycol, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1994, hufikia karibu siku sita. Ile ya bakteria Erwinia, wanayopewa wagonjwa ambao miili yao imeikataa ya E. coli, haifiki siku moja. Tazameni sasa dozi. Iliyofungwa hutolewa yuniti 2,500 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ya Erwinia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 ilikuwa ikitolewa yuniti 25,000 kwa kila mita ya mraba mara tatu kwa wiki, na dozi sita kama hizo zilichukua nafasi ya dozi moja tu ya iliyofungwa. Hiyo ni yuniti 150,000 badala ya 2,500, yaani mara 60. Kiwanda kinaweza kujisifu kwa mavuno makubwa ya yuniti, na bado kikamtibu mtoto mmoja mahali ambapo kingine, chenye mavuno madogo na kimeng'enya kinachodumu, kingetibu wengi.

Jambo la pili ni usafi. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya kimeng'enya. Wakati mwingine mzio huonekana wazi, na wakati mwingine kimeng'enya huzimwa kimya kimya bila dalili yoyote, mpaka daktari apime damu na kukuta kiwango kimeshuka chini ya yuniti 0.1 kwa mililita, kiwango ambacho wengi hukitumia kama mpaka. Kila protini ya bakteria inayobaki ndani ya chupa huongeza hatari hiyo. Mwaka 2017 nchini Brazili kulizuka mzozo mkubwa baada ya madaktari wa saratani za watoto kuipinga asparajinesi iliyonunuliwa na serikali, kwa kuwa vipimo vya dawa hiyo vilionyesha imechanganyika na protini nyingine nyingi za bakteria. Ilikuwa na yuniti zake, lakini madaktari hawakuwa tayari kuwadunga watoto. Na tusisahau mabaki ya ukuta wa bakteria kama E. coli, yaani endotoksini, ambayo kwa dawa ya sindano hayaruhusiwi kuzidi yuniti 5 za endotoksini kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kiasi kidogo tu huleta homa na kushusha shinikizo la damu, na mtoto mwenye lukemia hana akiba ya kuhimili hayo.

Nitoe onyo pia, kwa sababu nyuzi za namna hii husomwa na wazazi wenye dhiki: hakuna kitu kilichotengenezwa katika maabara ya chuo kinachoruhusiwa kumgusa mgonjwa.

Mwanzilishi wa uzi

Ahsante sana daktari. Onyo lako nalirudia kwa herufi zile zile.

Niendeleze hapo kwenye usafi, kwa sababu ndipo mavuno hupotea bila watu kulia. Tuseme kimeng'enya kinapita hatua tano tangu kutenganisha seli mpaka kujazwa chupani, na kila hatua inaokoa asilimia 80. Mwishoni utabakiwa na asilimia 33 ya ulichovuna. Ukiboresha kila hatua ifikie asilimia 90, utabakiwa na asilimia 59. Umekaribia kuongeza dawa maradufu, na bakteria hujamgusa. Ukiweza kuondoa hatua moja kabisa, unapata faida nyingine juu ya hiyo. Sioni ni kwa nini tasnifu nyingi huishia kwenye mchuzi wakati nusu ya ushindi iko upande huu.

Mahali kimeng'enya kinapokaa ndipo panapoamua idadi ya hatua. Kikiwa ndani kabisa ya seli, utalazimika kuipasua, na protini zake zote zitamwagika pamoja nacho. Kikiwa katika nafasi kati ya tando mbili, unaweza kuzilowesha seli katika maji yenye sukari nyingi na EDTA, kemikali inayolegeza utando wa nje, kisha ukazihamishia ghafla kwenye maji baridi yasiyo na chochote. Utando wa nje huachia kilichomo na sehemu kubwa ya protini nyingine hubaki ndani. Kikitoka nje chenyewe, kama inavyotokea kwa Streptomyces wengi na kwa Bacillus subtilis, kazi huwa nyepesi zaidi, na bakteria hawa wana faida ya kutokuwa na endotoksini ya aina aliyoitaja daktari.

Mwanafunzi wetu akifikia kuhamisha jeni ya bakteria wake kwenye E. coli, akumbuke mambo mawili. La kwanza, mwenyeji, yaani bakteria anayepokea jeni, awe amefutiwa jeni zake mwenyewe za asparajinesi. Kimeng'enya hiki kikiwa kamili ni vipande vinne vilivyoshikana, kila kimoja chenye uzito wa takriban kilodaltoni 35, na mwenyeji asiyefutiwa atachanganya asparajinesi yake na ile unayoitafuta mpaka usijue unachopima. La pili, asimharakishe bakteria kupita kiasi. Akiamriwa kutengeneza protini ngeni kwa kasi katika nyuzi 37, mara nyingi huirundika katika mabonge yasiyofanya kazi. Kushusha joto hadi nyuzi 20 au 25 wakati wa kuamsha jeni hupunguza jumla ya protini na huongeza ile iliyokunjika sawasawa. Katika chombo kikubwa, glukosi ilishwe kidogo kidogo kwa mwendo ambao bakteria anaweza kuimaliza, la sivyo huitoa kama asetati, na asetati humzuia kukua.

Mfano mzuri wa kuchagua mwenyeji ni dawa ya Erwinia yenyewe. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiadimika duniani, mpaka mwaka 2021 Marekani ilipoidhinisha ile inayotengenezwa kwa kuweka jeni ya Erwinia ndani ya bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens. Kimeng'enya kilibaki kile kile katika mpangilio wake wa asidi amino, na aliyebadilishwa ni mwenyeji tu. Wapo pia waliobadilisha kimeng'enya chenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulitumia asparajinesi ya E. coli iliyobadilishwa asidi amino moja, ya nafasi ya 59, ikapoteza uwezo wa kuvunja glutamini na bado ikaua seli za lukemia zisizoweza kujitengenezea asparajini. Watafiti hawajaafikiana kama glutamini nayo inapaswa kuguswa kwa aina zote za lukemia. Mimi naegemea upande wa kuiacha.

Mkulima wa simsim, Hindi, Lamu

Nimesoma yote, na yaliyo ya maabara nawaachia wenyewe. Ninayo mawili. Nimesikia kwamba mashudu yanaweza kulisha vijidudu hivi. Sisi tukikamua simsim mashudu hubaki mengi na huishia kwa ng'ombe. Je, yanaweza kuwa na bei upande huo? Pili, tope ni letu sote. Bakteria akipatikana na akawa wa faida, watu wa mikokoni wanapata nini?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, maswali yako ni ya haki.

Ni kweli, wapo watafiti waliokuza kuvu na bakteria juu ya mashudu ya simsim na ya nazi wakapata asparajinesi kwa gharama ndogo. Kwa kimeng'enya cha viwanda vya chakula, ambako hutumika kupunguza akrilamidi (kemikali yenye madhara inayojitokeza chakula kinapokaangwa au kuokwa) katika viazi vya kukaanga na biskuti, mashudu yanafaa sana, na huko ndiko ningewaelekeza vijana wanaotaka kuanza na mtaji mdogo. Kwa dawa ya sindano nina shaka. Mashudu ya msimu huu si sawa na ya msimu ujao, yana protini zake ambazo itabidi ziondolewe, na yakihifadhiwa vibaya, hasa ya njugu, huingia sumukuvu. Shilingi iliyookolewa kwenye lishe hulipwa mara nyingi kwenye kusafisha.

Kuhusu haki, kanuni za Kenya za mwaka 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki awe na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), pamoja na ridhaa iliyotolewa mapema na makubaliano ya mgao wa faida. Leseni ya utafiti hutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu. Hili halina mchezo: vijiumbe vilivyochukuliwa miaka ya 1990 katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilikuja kuzaa vimeng'enya vya viwandani ughaibuni, na KWS (Huduma ya Wanyamapori) ikalazimika kudai mgao baadaye, jambo ambalo ni gumu kuliko kuandikiana mapema. Kwa hiyo mkataba uandikwe wakati koloni bado haina thamani, na vikundi vya jamii vinavyotunza mikoko viwemo kwa majina yao.

Mwanafunzi wa biokemia, Malindi

Nimeelewa, mwalimu. Vibali vya sampuli zangu viko chini ya mradi wa chuo, lakini nitasoma upya kipengele cha mgao, maana sikumbuki kuona jamii ya Sabaki ikitajwa. Nitaanza na sahani za nitrati na glutamini. Je, kuna jambo la kufanya kabla ya hayo?

Mwanzilishi wa uzi

Lipo, na ulifanye wiki hii. Kama koloni yako ni Streptomyces, usiendelee kuihamisha kutoka sahani moja hadi nyingine. Jamii hiyo hupoteza vipande vya mwisho wa kromosomu yake kwa urahisi, na uwezo wa kutoa kimeng'enya unaweza kwenda navyo. Mtu huja kulaumu lishe kumbe bakteria aliye naye si yule aliyemchota. Kusanya spora kutoka sahani changa kabisa uliyo nayo, zichanganye na gliseroli ya asilimia 20, zigawe katika vichupa vidogo vingi, uviweke katika nyuzi 80 chini ya sufuri, na kila jaribio lianze kwa kichupa kipya. Umeme wa huko ukisumbua, kausha nakala kadhaa kwa baridi na uziweke katika maabara ya pili yenye jenereta. Andika juu ya kila kichupa tarehe, mahali tope lilipochotwa, na namba ya kibali.

Mfamasia, Malindi

Na ukishapata vipimo vya glutamini, viweke hapa, hata kama duara limetoka la waridi.